Harufu ya javeli haiui mikrobe

Nafanya kazi ya hijieni ku hopitali hapa Goma, na ile naona kila siku ni kwamba watu wanaamini pua. Chumba kikinuka javeli basi wanasema kimesafika. Hapana ndugu zangu.

Klore, ile dawa iliyo ndani ya javeli, inaua vizuri sana kama inagusa mikrobe yenyewe, lakini ikikuta damu, matapishi ao mavi, nguvu yake inaishia ku ule uchafu kabla haijafikia mikrobe iliyo ndani, njo maana tunatoa uchafu kwanza, tunasugua na maji na sabuni, kisha tunaweka klore ya 0,5%, kisha tunangoja dakika 10 sakafu ikiwa bado imelowa. Ile kungoja njo inashinda wengi, mutu anamwaga na kupangusa palepale, klore haijafanya kazi hata kidogo.

Kuitengeneza si ngumu, ila soma chupa kwanza. Kama ni javeli ya 2,6%, kipimo 1 cha javeli na vipimo 4 vya maji inakupa ile 0,5%. Tengeneza mupya kila siku, uifunike, usiiache ku jua juu inapoteza nguvu. Na usichanganye javeli na siki ao dawa kali ya choo hata siku moja, inatoa gazi ya kuchoma mapafu.

Hii 0,5% si ya kunawa mikono, inaunguza ngozi, na ngozi yenye kupasuka inakuwa mulango wa mikrobe. Mikono inataka sabuni na maji yenye kutiririka, sekunde 40 mpaka 60, kati ya vidole, kidole gumba, chini ya kucha.

Munakumbuka Ebola ilifika Goma mwezi wa 7 mwaka 2019, bidoni zenye robine zikawekwa ku milango ya maduka, makanisa, kila pahali. Ilikuwa kitu kizuri sana na ninaomba tusiache. Lakini angalia mutu anavyonawa: anafungua robine na mukono muchafu, anasugua mikono vizuri, kisha anafunga robine ileile na mukono umesafika, na ule wa nyuma yake anafanya vilevile. Sasa robine njo inagawa mikrobe! Unapopaka sabuni ku mikono, upake ku robine pia, uimwagie maji, ao ufunge na kiwiko ao kikaratasi.

Magan, zile glavu za mikono, nayo inadanganya watu. Mutu akiyavaa anajisikia salama, anagusa kidonda, anagusa kitasa, anajibu telefone, anaenda kitanda cha pili nayo yaleyale. Yeye amejikinga kidogo, lakini mugonjwa wa pili amepewa mikrobe ya wa kwanza. Magan ni ya mugonjwa mumoja, kazi moja, na ukiyavua unanawa, juu yanaweza kuwa na katundu ambako hukaoni.

Sasa nyinyi munaolinda wagonjwa, juu kwetu familia njo inalisha, inaosha, inafua: kazi yenu ni kubwa kuliko munavyofikiri. Nawa kabla ya kulisha, kisha kila mara unapotoa bassin ao kubadilisha nguo. Mashuka ya mugonjwa wa mpox usiyakung'ute, kunja polepole uchafu ukiwa ndani, usiyakumbatie ku kifua, peleka moja kwa moja kufua. Kama mutu anakohoa, fungua dirisha, hata baridi ya Goma ikiwa kali mufunike mugonjwa vizuri lakini hewa ipite, juu kifua kikuu kinapenda chumba chenye kufungwa.

Na ukiona muganga ao muuguzi anakuja kugusa mugonjwa wako toka kitanda kingine bila kunawa, mwambie na heshima: "Dokta, samahani, unawe kwanza." Uko na haki kabisa, na sisi wa hijieni tutasimama na wewe.