Chekechea ndani ya uzio wa chuo

Nafundisha historia ya mafunzo ya ualimu, na kila somo likifika Japani nakaa muda mrefu kwenye Chuo Kikuu cha Ochanomizu, Tokyo. Kilianza mwaka 1875 kikiwa chuo cha ualimu cha wanawake. Serikali ilikuwa imetangaza mwaka 1872 kwamba wavulana na wasichana wote wasome shule ya msingi, na walimu wa kuwafundisha hawakuwepo.

Mwaka 1876 chuo kikafungua chekechea palepale chuoni, ya kwanza nchini kuendeshwa na serikali. Mwalimu mkuu wa chekechea hiyo alikuwa Clara Matsuno, Mjerumani aliyefuata mbinu za Friedrich Fröbel, mwanzilishi wa chekechea: mipira laini ya sufu, kisha tufe, mcheduara (silinda) na mchemraba wa mbao, ambavyo mtoto huvishika, huvibiringisha na kuvipanga mwenyewe. Mwalimu mwanafunzi aliyesoma nadharia hiyo darasani aliweza kutoka na kwenda kuona mtoto wa miaka minne anavyoipokea, au anavyoikataa.

Baadaye zikaja shule ya msingi na sekondari za mazoezi, na zote zipo mpaka leo. Kwangu mimi huo ndio moyo wa chuo cha ualimu. Wiki chache za mazoezi ya kufundisha katika shule ya mbali humfunza mtu kumaliza kipindi salama. Katika shule za Japani mwalimu huandaa somo pamoja na wenzake, kisha hulifundisha huku wao wamesimama pembeni na madaftari, wakiwaangalia wanafunzi kuliko wanavyomwangalia yeye. Juma amekwama wapi? Alifuta jibu lipi kabla ya kuandika la pili? (Jina ni langu, maswali ndiyo yao.) Baada ya kipindi hukaa kujadili somo, na mwenye somo huanza kusema.

Lakini shule ya mazoezi haitoshi kama mwalimu halijui somo lenyewe, na hapa historia ya wanawake ina uzito wake. Vyuo vikuu vya kifalme viliwafungia milango hadi kimojawapo, cha Tohoku, kilipowapokea watatu mwaka 1913. Msichana aliyependa sayansi alikimbilia ualimu. Kono Yasui alihitimu katika chuo hiki cha Ochanomizu mwaka 1902, akafundisha, akarudi kusomea zaidi. Alipoomba kwenda kusoma Marekani, wizara ya elimu ilimtaka aandike kwamba anakwenda kutafiti pia sayansi kimu. Aliandika, akaenda, na mwaka 1927 akawa mwanamke wa kwanza Japani kupata shahada ya uzamivu ya sayansi, kwa utafiti wa mimea iliyogeuka makaa ya mawe. Kazi yake ya kila siku ilibaki kuwafundisha walimu.

Kwa hiyo sikushangaa Chuo Kikuu cha Wanawake cha Nara, nacho kilichozaliwa na ualimu mwaka 1908, kilipofungua kitivo cha uhandisi mwaka 2022. Ochanomizu ilifuata mwaka 2024, na chekechea yake bado imo ndani ya uzio wa chuo.