Nani Aliyelipa Tiketi ya Mheshimiwa?

Katika vikao vya elimu ya uraia hapa Mombasa, wananchi hutuuliza sana kuhusu mishahara na marupurupu ya wabunge, lakini ni nadra kuulizwa juu ya safari ambazo hazigharimu hazina ya umma hata senti moja. Kwa maoni yangu, safari hizo zinazolipiwa na kampuni, mashirika au matajiri ndizo zinazohitaji macho zaidi, kwa kuwa safari inayolipiwa na Bunge huacha stakabadhi anazoweza kuzipitia mkaguzi wa hesabu, ilhali hii nyingine huweza kupita bila hata karatasi moja kuonekana.

Marekani iliyajua hayo kwa machungu. Mwaka 2002, mbunge Bob Ney alikwenda Uskoti kucheza gofu katika safari iliyopangwa na Jack Abramoff, mshawishi aliyelipwa kutetea maslahi ya wateja wake bungeni. Wote wawili waliishia gerezani. Kanuni zilikazwa mwaka 2007, na sasa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi anayegharamiwa na mtu wa nje huomba kibali cha Kamati ya Maadili siku 30 kabla ya kuondoka, kisha akirudi huwa na siku 15 za kuwasilisha taarifa. Humo huandikwa nani amelipa, nauli kiasi gani, malazi kiasi gani, chakula kiasi gani, na kama mwenzi au mtoto aliandamana naye. Ratiba huambatishwa, na taarifa huwekwa wazi kwenye intaneti, hivyo mpiga kura yeyote aweza kuhesabu mwenyewe saa za mikutano na saa za matembezi.

Kwetu Pwani, kumkirimu mgeni ni ada, na hakuna anayetaka iachwe. Lakini wahenga wetu pia walisema mkono mtupu haulambwi, na aliyekwisha kula na kulala kwa gharama ya mtu huona haya kumpinga anapokuja na haja yake. Ndiyo maana Sheria ya Uongozi na Maadili ya mwaka 2012 inamkataza afisa wa serikali, mbunge na mwakilishi wadi wakiwemo, kupokea zawadi au ukarimu kutoka kwa mwenye maslahi yanayoweza kutimizwa kupitia kazi ya afisa huyo. Kifungu cha 76 cha Katiba nacho kinasema zawadi anayopewa katika shughuli rasmi ni mali ya Jamhuri. Basi kamati inayojadili mswada unaohusu bandari, kwa mfano, ikilazwa hotelini ufuoni kwa gharama ya kampuni ambayo mswada huo utaigusa, tuna haki ya kuuliza.

Na kuuliza kwenyewe si kazi ngumu. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, raia huandika barua kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, akaipeleka kwa karani wa Bunge au wa bunge la kaunti, akitaja safari, tarehe, na anachotaka kujua: mfadhili, gharama na ratiba. Jibu linatakiwa kutolewa ndani ya siku 21. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, afisa wa habari analazimika kumsaidia kuwasilisha ombi lake.