Macho yameng'aa, ubavu bado mzito: acheni "kusafisha ini"

Kwenye zahanati ninayofanyia kazi hapa Tanga mjini, aliyeugua homa ya ini hurudi kwangu wiki chache baada ya manjano kuisha, mkono ukiwa ubavuni. Maswali ni yale yale.

Dokta, macho yamesharudi meupe. Mbona hapa chini ya mbavu bado pazito?

Homa ya ini ni kuvimba kwa ini, mara nyingi kwa sababu ya virusi. Likivimba, ngozi nyembamba inayolifunika huvutika, na ngozi hiyo ndiyo inayouma. Uvimbe haushuki kwa siku mbili. Uzito ubavuni kulia, gesi, kichefuchefu ukisikia harufu ya mafuta, na uchovu vinaweza kukaa wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Ninachouliza ni kimoja: wiki hii una nafuu kuliko wiki iliyopita? Kama ndiyo, unapona.

Si uchafu uliobaki kwenye ini? Ninywe nini kulisafisha?

Usinywe kitu. Hakuna uchafu uliobaki. Ini lenyewe ndilo linalosafisha: unachomeza, kiwe cha duka la dawa au cha chungu, lazima kipite kwake. Mchukuzi wa bandarini ameamka kitandani jana, leo unamtwisha gunia?

Lakini hii ni mizizi tu, haina kemikali. Bibi yangu alipona nayo.

Shikamoo yake bibi. Homa ya ini aina ya A, ile ya maji na chakula kichafu, kwa walio wengi huisha yenyewe. Bibi alipona, mizizi ikachukua sifa. Na mizizi ina kemikali, ndiyo maana ni chungu. Ipo inayoua ini kabisa.

Usinywe. Najua nimeshasema. Narudia kwa sababu nawaona wanaorudi macho yakiwa manjano kuliko mara ya kwanza, chupa imo mkobani, na nikiuliza ni ya nini naambiwa "ya kusafisha". Tena hawaji siku hali inapobadilika. Humaliza kwanza dozi, eti ukiacha katikati ugonjwa unarudi kwa hasira. Hiyo wiki ya kumalizia dozi ndiyo inayotuumiza. Ukiona unazidi kuwa wa manjano, acha chupa, njoo leo.

Na chale za bandama?

Bandama iko kushoto, wewe umeshika kulia. Na huo wembe ulimpitia nani kabla yako? Homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu.

Dawa ya maumivu je?

Diklofenaki na ibuprofeni weka kando. Parasetamoli uliza kwanza. Ukiruhusiwa, kwa ini lililoumia kwa kawaida haivuki gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani, watu hujumlisha bila kujua.

Nile nini?

Kula. Bada, yaani ugali wa muhogo, na samaki wa kuchemsha, matunda, kidogo kidogo mara nyingi. Viazi vya kukaanga vikikuchafua roho, viache kwa sasa. Mnazi hapana, hata bilauri moja ya kupongezana.

Kipimo kilisema B. Nimepona?

Tumbo kutulia si jibu. Rudia kipimo baada ya miezi 6. Virusi vikiwa bado vipo, ni ugonjwa wa kudumu na unahitaji kufuatiliwa hata kama huumwi popote. Mwenza na watoto wapimwe, wasio nao wachanjwe.

Lini niache kusubiri?

Macho yakirudi kuwa manjano au mkojo kukolea rangi, homa mpya, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kujaa maji: njoo siku hiyo hiyo. Kutapika damu, choo cheusi kama lami, kuchanganya maneno, kusinzia mchana na kukesha usiku: usije kwangu, nenda moja kwa moja hospitali, Bombo au iliyo karibu, hata kama ni saa nane za usiku. Mgonjwa akianza kuchanganya maneno si mashetani, ni ini. Asipelekwe kupungwa kwanza.

Na ile chupa njoo nayo, hata ikiwa imebaki nusu. Nahitaji kujua umekunywa nini. Sitakugombeza, angalau siku hiyo.