Kusaini si kuridhia, na msinichoshe

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alikuja darasani kwetu Nyegezi, Mwanza, na desa jipya. Kalinunua stesheneri kwa elfu tatu, karatasi zimebanwa kwa pini moja iliyokwisha kupinda, juu limeandikwa kwa herufi nene: MASWALI NA MAJIBU YA USAILI. Swali la 12 linauliza Somalia ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka gani. Jibu: 2023.

Nikamwambia jibu hilo lina walakini. Akanitazama kwa huruma, kama anamtazama mzee anayetafuta miwani aliyoivaa. "Mwalimu, lakini walisaini Desemba 2023. Mimi mwenyewe niliona kwenye taarifa ya habari."

Ndiyo, walisaini. Hakuna anayebisha. Ila nimewaandaa watu kwa usaili wa utumishi wa umma miaka sita sasa, maafisa tawala, maafisa mambo ya nje, watendaji wa kata, na kila mkeka wa majina ukitoka napata mtu mpya anayeamini kwamba kalamu ikishagusa karatasi, mkataba umekwisha, nchi imefungwa nao na lazima iutii, twende nyumbani. Nimechoka kulieleza hili ubaoni. Naliandika hapa ili mtu akiniuliza tena nimtumie linki na niendelee na chai yangu.

Tuanze na Somalia hiyohiyo. Novemba 24, 2023, wakuu wa nchi wakiwa Arusha waliikubali. Desemba 15, 2023, mkataba wa kujiunga ukasainiwa Entebbe. Machi 4, 2024, Somalia ikakabidhi hati yake ya kuridhia kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya, na hapo ndipo ilipokuwa mwanachama kamili. Kongo ya Kinshasa ilipita njia hiyohiyo: saini Aprili 8, 2022, hati Julai 11, 2022. Kwa kuwa yote mawili yalitokea ndani ya mwaka mmoja, desa lilibahatisha Kongo. Kwa Somalia mwaka ukageuka katikati, na bahati ikaisha.

Hata Jumuiya yenyewe ilizaliwa hivyo. Mkataba ulisainiwa Novemba 30, 1999, ukaanza kutumika Julai 7, 2000, baada ya Kenya, Uganda na Tanzania zote kuridhia. Ukiulizwa "ilianzishwa lini", soma swali mara mbili.

Huwa natumia mfano wa posa, na wanaotoka Kwimba na Magu wananielewa haraka kuliko wengine. Kusaini ni kupeleka posa ikapokelewa. Watu wamekula, wamecheka, picha zimepigwa. Lakini ng'ombe hawajafika na binti bado yuko kwao. Kuridhia ni ukoo kukaa na kusema sawa, tumekubali. Kukabidhi hati ni ng'ombe kuingia zizini na kuhesabiwa. Watu husema mfano huu una kasoro kwa sababu posa nayo ina uzito wake. Hiyo si kasoro, huo ndio utamu wake! Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba, ibara ya 18, unasema nchi iliyosaini, hata kabla ya kuridhia, isifanye jambo la kuua lengo la mkataba ule. Ukishaposa, huzunguki kijijini unaposa kwingine.

Sasa njooni kwenye Mto Nile, maana hapa ndipo mnaponiudhi kwelikweli, na ninyi ni watu wa ziwani, hamna kisingizio.

Mkataba wa ushirikiano wa bonde la Nile ulifunguliwa kwa saini Entebbe Mei 14, 2010. Siku ile wakasaini Ethiopia, Rwanda, Uganda na sisi. Kenya ikasaini Mei 19, Burundi Februari 2011. Saini sita. Kwa akili ya desa, kazi imeisha 2011. Lakini masharti yalidai nchi sita zikabidhi hati, kisha zipite siku 60. Tanzania iliridhia 2015. Uganda 2019. Burundi 2023. Mkataba umeanza kutumika Oktoba 13, 2024, miaka kumi na minne baada ya ile karamu ya Entebbe.

Na hati ya sita haikutoka Kenya. Ilitoka Sudan Kusini, ambayo 2010 haikuwa hata nchi. Kwa hiyo siku mkataba ule ulipoanza kutumika, Sudan Kusini, ambayo haikuwa miongoni mwa wale sita, ilikuwa imefungwa kwa sababu ilijiunga moja kwa moja, na Kenya iliyosaini mapema ilikuwa bado haijafungwa. Soma sentensi hiyo polepole. Kama umeielewa, unaweza kuacha kusoma hapa ukaenda zako Mwaloni kununua sato.

Wengine tubaki, kuna la 1929. Nimesahihisha karatasi nyingi zinazosema "Tanganyika ilisaini mkataba wa Nile mwaka 1929." Tanganyika ilisaini kwa mkono upi? Yale yalikuwa maafikiano ya kubadilishana barua kati ya Misri na Uingereza, na Uingereza ilijisemea kwa niaba ya maeneo iliyokuwa inayatawala. Sisi tulikuwa eneo la udhamini la Shirikisho la Mataifa. Hatukuulizwa. Tulipopata uhuru, serikali ikatangaza kwamba mikataba iliyorithiwa ya nchi mbili itapewa miaka miwili ipitiwe upya, na isiyokubaliwa iishe. Hilo ndilo watu huliita fundisho la Nyerere. Barua mahsusi ya kuukataa mkataba wa 1929 ikaenda Uingereza, Misri na Sudan Julai 1962. Mtego hapa: Julai 1962 Waziri Mkuu alikuwa Kawawa, kwani Nyerere alikuwa amejiuzulu Januari. Fundisho lina jina la Nyerere, lakini usiandike kwamba Waziri Mkuu Nyerere alituma barua mwezi huo.

Nikiri jambo ambalo madesa hayatalikiri. Mimi hulifundisha fundisho hili kama vile lilimaliza ubishi. Halikumaliza. Misri haikulikubali, na wanasheria wenye akili timamu bado wanagawanyika kuhusu mikataba ya maji, kwa sababu wapo wanaosema mikataba inayohusu ardhi na mito hubaki na ardhi yenyewe hata mtawala akibadilika. Jibu la kizalendo ni rahisi kuliandika. Jibu zuri hutaja pande zote mbili kisha likasimama mahali. Sisi tulisimama kwa mabomba: maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa Ihelele, hapo Misungwi, yanakwenda Shinyanga na Kahama, na hatukuomba ruhusa Cairo kama maafikiano ya 1929 yalivyotaka. Kwenye mahojiano ya ana kwa ana, mfano huo unabeba kuliko kukariri kwamba 1959 Misri na Sudan waligawana maji ya Nile, mita za ujazo bilioni 55.5 na 18.5 kwa mwaka. Ingawa hizo nazo zijue.

Haya, ndani ya nchi. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Mwone huo mkia wa sentensi. Si kila karatasi inakwenda Dodoma. Ipo mikataba inayofunga kwa saini tu kwa sababu wenyewe wamekubaliana hivyo, na hati za makubaliano kati ya wizara na wizara kwa kawaida hata haziitwi mikataba. Mtu akikuambia "kila mkataba lazima upite Bungeni" naye ana desa lake.

Na Bunge likisharidhia, je, mwananchi wa Igoma anaweza kwenda nao mahakamani kesho yake? Kwa utaratibu tuliorithi, hapana, mpaka itungwe sheria ya nchi. Nikiri tena: miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nafundisha kwamba kuridhia kunatosha, na kuna watu wako maofisini leo na kosa langu kichwani. Mfano wa kukaa nao ni Mkataba wa Haki za Mtoto. Tanzania iliuridhia Juni 1991. Sheria ya Mtoto ikatungwa 2009. Mtoto aliyezaliwa siku tuliporidhia alikuwa ametimiza miaka 18 na si mtoto tena kwa mujibu wa mkataba uleule. Majaji nao si mawe, huwa wanaitazama mikataba iliyoridhiwa wanapotafsiri sheria zetu, kwa hiyo hiyo "hapana" yangu niliitamka kwa sauti kubwa kuliko inavyostahili.

Upande wa utawala bora napita haraka kwa sababu huko mnakosea kidogo. Jueni nani anatajwa na Katiba yenyewe (Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, Sekretarieti ya Maadili, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu) na nani kaundwa na sheria ya Bunge (TAKUKURU, ya kupambana na rushwa). Jueni kwamba mkuu wa wilaya ya Ilemela na mkurugenzi wa manispaa ya Ilemela ni watu wawili wenye kazi mbili, hata kama mnawaona kwenye msafara mmoja. Mambo ya nje ni suala la Muungano. Someni kilichotokea Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwishoni mwa 1992 na kujitoa 1993. Basi.

Kinachobaki kunisumbua ni maswali ya kuchagua. Yule kijana aliniuliza swali la maana kuliko yote ya jioni ile: "Mwalimu, nikikuta A ni 2023 na B ni 2024, na mtunzi naye kasoma desa hilihili?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka sana. Kama swali linasema "ilisaini", jaza 2023. Likisema "mwanachama kamili", jaza 2024. Likisema "ilijiunga" tu, mimi ningejaza 2024, na ningeweza kuikosa alama hiyo.

Akaandika 2024 pembeni ya desa kwa penseli, na 2023 hakuifuta.