Tai Asiye na Mabawa: Ninavyowaingiza Vijana Kwenye Riwaya za Kale

Kwa miaka mingi nilikuwa nawaharibia wanafunzi riwaya za kihistoria kabla hawajazifungua. Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari hapa Mombasa, na kosa langu lilikuwa kuanza na historia yenyewe. Nilisimama mbele ya Kidato cha Pili, nikachora ramani ya Dola ya Kirumi, nikataja makaisari na miaka yao. Kesho yake vitabu vilirudi kaunta, na kimoja bado kilikuwa na kijikaratasi cha alama kwenye ukurasa wa tisa. Hapo ndipo safari ilipoishia.

Siku hizi naanza na kitu kinachoonekana kwa macho.

Mwaka 1866 kasisi mmoja, J. G. Joyce, alikuwa akichimbua magofu ya mji wa Kirumi huko Silchester, kusini mwa Uingereza. Akatoa udongoni sanamu ya tai ya shaba nyeusi, mabawa yake hayapo. Sanamu hiyo ipo hadi leo katika makumbusho ya mji wa Reading. Picha yake naibandika mlangoni mwa maktaba bila neno hata moja, kisha nakaa kimya. Haipiti wiki. "Mwalimu, yule kuku pale mlangoni ni wa nini?"

Basi hapo ndipo nasimulia. Palikuwa na lejioni ya Kirumi, yaani kikosi kikubwa cha jeshi, iliyokaa Uingereza, Lejioni ya Tisa, na ikafika wakati kumbukumbu zikaacha kuitaja. Mwandishi Rosemary Sutcliff alichukua mafumbo hayo mawili, jeshi lililopotea na tai aliyefukuliwa, akayafunga kamba moja. Mwaka 1954 ikatoka The Eagle of the Ninth. Kijana Marcus, ofisa wa jeshi ambaye babake alipotea na lejioni hiyo, anavuka Ukuta wa Hadrian, mpaka wa Warumi, kwenda kaskazini, Scotland ya leo, kwenye makabila yasiyotawaliwa na Roma, kumtafuta yule tai. Tai kwa lejioni alikuwa zaidi ya bendera: jeshi lililompoteza lilibaki na aibu.

Marcus hasafiri kama askari, bali kama mganga wa macho. Hapa huwa nasimama kidogo, maana ujanja huu una mizizi. Waganga wa macho wa Kirumi walikuwa na mihuri, vijiwe vidogo bapa vilivyochongwa maandishi kinyume kwenye kingo zake. Waligandamiza muhuri kwenye kijiti cha dawa ikiwa bado laini, dawa ikabaki na jina la mganga na ugonjwa inaoutibu. Vijiwe hivyo vimefukuliwa Uingereza. Nikishaeleza hivyo, wanafunzi hugundua wenyewe kwamba mganga wa macho hupokewa kila kijiji bila kuulizwa mengi. Nani hana bibi mwenye macho mabovu?

Kingereza cha kitabu ni kizito, sidanganyi. Tunasoma kwa Kingereza, tunabishana kwa Kiswahili. Majina ya Kirumi nawaambia wayaruke. Mtu hajifunzi jina la kila abiria ndipo apande matatu. Sura mbili za kwanza nazisoma mimi kwa sauti, kwa sababu ndizo zinazoua wasomaji. Zikipita, muda si mrefu Marcus anaumia mguu vitani, ndoto yake ya uofisa inakwisha, na darasa limetulia. Sutcliff mwenyewe aliugua maradhi ya viungo tangu utotoni, na maisha yake mengi aliyapitisha kwenye kiti cha magurudumu. Sijui kama ni lazima msomaji alijue hilo, lakini mimi tangu nilijue, kila Marcus anapopanda ngazi nasoma polepole.

Nakipendea zaidi ukurasa mmoja ambao hauna vita wala mbio. Marcus amemnunua mtumwa, Esca, kijana wa kabila lililoshindwa. Siku moja Esca anaeleza kwa nini watu wake na Warumi hawaelewani, na badala ya kuhubiri anachukua mfano wa vitu viwili. Ala ya jambia la Kirumi ina nakshi iliyopimwa, pambo hili likilitazama lile, halafu linarudiwa vilevile hadi mwisho. Kitovu cha ngao ya watu wake kina mistari inayopinda na kutiririka, mmoja ukizaliwa na mwingine kama maji. Aliyetengeneza hiki, anasema, atawezaje kuishi kwa raha chini ya aliyetengeneza kile?

Mwaka juzi msichana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, hiyo si kama Fort Jesus na milango ya Mji wa Kale?" Nilinyamaza. Ngome ile Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kuta na pembe zilizokatwa kwa kipimo cha mizinga. Ukitembea dakika chache unafika kwenye milango ya mbao iliyochongwa maua na mizabibu. Tulitoka tukaenda kutazama. Kile kipindi hakikuwa kwenye ratiba, na nilikemewa kwa hilo.

Mwishoni kabisa, kitabu kikishafungwa, ndipo natoa habari mbaya. Wanaakiolojia wengi leo wanaona yule tai hakuwa wa lejioni. Huenda alikuwa sehemu ya sanamu kubwa, pengine ya mungu Jupiter. Na vigae vyenye muhuri wa Lejioni ya Tisa vimeonekana Nijmegen, Uholanzi, kwa hiyo huenda jeshi halikupotelea Scotland hata kidogo. Darasa hukasirika. Wanahisi wameibiwa. Mwenzangu mmoja anasema navunja raha makusudi. Mimi naona raha ya pili huanzia hapo, maana ghafla wanataka kujua mwandishi alibuni wapi na alikuta wapi, na wanarudi kufunua kurasa ambazo walikuwa wameziruka.

Wakauliza pia swali ambalo mimi sikuwa nimeliwaza miaka yote. Marcus anampa Esca uhuru kabla tu ya kumwomba waende kaskazini pamoja. Mbona uhuru umekuja siku anapomhitaji?

Swali hilo, kwa mtoto wa Mombasa, lina mahali pa kwenda. Nikawatolea Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapwa mwaka 1934, kitabu kifupi kuhusu waliotekwa bara, wakakombolewa na Waingereza baharini, wakawekwa Freretown, makazi ya waliokombolewa hapa Mombasa. Kinawasifu wakombozi mno, na wanafunzi waliotoka kubishana juu ya Esca walilinusa hilo kurasa za mwanzo. Nacho kina kitu chake: kengele ya Freretown, ambayo husimuliwa kwamba iligongwa kuwatahadharisha watu pale wafanyabiashara wa watumwa walipokaribia. Bado ipo, kando ya barabara pale Kengeleni.

Kijana mmoja wa Kisauni hupita hapo kila asubuhi. "Mimi nilijua Kengeleni ni jina la steji tu," akasema. Alikiazima kitabu Ijumaa hiyohiyo. Kilipaswa kurudi wiki tatu zilizopita, na nikimuuliza ananiambia kiko kwa babu yake.