Pikipiki ikigonga mlimani, taimingi iwe ya mwisho kuguswa

Mteja akifika na kusema "injini inagonga", mafundi wengi hukimbilia taimingi, yaani wakati cheche ya plagi inapotoka. Kwenye pikipiki za 125 na 150 zenye injini ya mtindo wa Honda CG, hizi zilizojaa kwenye vijiwe vya bodaboda, mimi huiacha taimingi iwe ya mwisho. Pikapu (kihisio kinachosoma mzunguko wa magneti) imekazwa kwa skrubu, magneti imekaa kwenye kii (kipande cha chuma kinachoizuia isihame kwenye kranki), na CDI, kisanduku cha umeme wa cheche, ndiyo inayoamua cheche itangulie kiasi gani. Taimingi ya namna hiyo haihami yenyewe. Ukiikuta imehama, ujue kuna kitu kimekatika, kimefungwa vibaya au kimechongwa.

Kwanza ujue ni mlio gani. Tapeti hulia "tik-tik" nyepesi juu kwenye hedi, hata pikipiki ikiwa imesimama bila resi, na mzigo hauubadilishi. Dawa yake ni kurekebisha nafasi ya valvu kwa fila geji (bamba jembamba la kupimia) ya 0.08 mm, injini ikiwa baridi kabisa na pistoni ikiwa juu kwenye mpigo wa kubana. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hugonga asubuhi, kisha hufifia injini ikipata joto. Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, hupiga "kong-kong" nzito kutoka chini, na husikika zaidi unapopandisha na kushusha resi. Hiyo zima hapohapo, usiende nayo hata kilomita moja.

Mlio wa mafuta kujilipua ni tofauti na hiyo yote. Ni "kri-kri-kri", kama sarafu zinazotikiswa kwenye kopo. Unatoka injini inapoelemewa: mlima, gia kubwa, abiria wawili, resi imefunguka na injini imeshachemka. Ukirudisha resi robo tu, unakatika. Ndiyo maana kumsikiliza fundi anayepiga resi pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa hakusaidii kitu, maana pale injini haina mzigo. Lazima iendeshwe mlimani.

Kinachotokea ndani ni hiki. Plagi inawasha mchanganyiko, moto unasambaa kutoka upande wa plagi kwenda upande wa pili. Kabla moto haujafika, mafuta yaliyobaki pembeni yanabanwa na kupata joto hadi yanalipuka yenyewe kwa pamoja. Wimbi la mlipuko huo linagonga kuta za chumba, ndio mlio unaousikia. Ubaya wake mkubwa ni joto. Wimbi linapangusa ile tabaka nyembamba ya hewa tulivu inayokinga aluminiamu, na moto unaigusa pistoni moja kwa moja. Ukiacha hivyo, ukingo ulio juu ya ringi ya kwanza unamegeka, na mwisho pistoni inatoboka.

Plagi inakuonyesha mapema. Ifungue, isafishe nje tu, na uitazame ile kaure nyeupe juani ukiwa na lenzi ndogo. Ukiona chembe ndogo nyeusi au zinazong'aa kama fedha, kana kwamba mtu amenyunyiza pilipili manga na vumbi la bati, zile za kung'aa ni aluminiamu ya pistoni yako. Ikifika hapo, usimrudishie mteja pikipiki kabla ya kupata chanzo.

Anzia kwenye mafuta. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni chanzo kikubwa kuliko taimingi, kwa sababu mafuta ya taa yana oktani (uwezo wa kubanwa bila kujilipua) ndogo sana na hujilipua kirahisi. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba Tanzania, kupitia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (kemikali za kuyatambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kuzuia uchanganyaji. Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe kivulini. Petroli safi inakauka na kupotea. Ikibaki doa la grisi, mwaga tangi, jaza kutoka kituo kingine, kisha upande mlima uleule. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Halafu plagi. Injini hizi nyingi zinatumia NGK D8EA, pengo 0.6 hadi 0.7 mm. Kwa NGK namba ikishuka plagi ni ya moto zaidi, kwa hiyo D7EA inabaki na joto ambalo D8EA ingelitoa. Wengine huiweka makusudi kwa sababu haishiki masizi, na mlimani ndipo inapoleta balaa.

Kisha hewa ya wizi. Mpira kati ya kabureta na hedi ukipasuka, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na mafuta machache, na joto linapanda. Injini ikiwa bila resi, nyunyizia maji ya sabuni kuzunguka mpira. Mngurumo ukibadilika, umepata tundu. Jeti kubwa (kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta) iliyoziba nayo inaleta hali ileile. Na angalia mapezi ya silinda: matope yaliyokauka katikati yake ni blanketi, yabandue kwa kijiti.

Mwinuko nao una mambo yake. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa kule ni nyepesi, silinda inajaza kidogo, shinikizo ni dogo. Pikipiki iliyopunguzwa jeti au kutangulizwa cheche kule inaweza kwenda vizuri tu, ikishuka Dar es Salaam ikaanza kugonga siku hiyohiyo.

Sasa taimingi. Fungua vifuniko viwili vya kava la kushoto (kama havipo, toa kava lenyewe). Utaona alama ya T, pistoni ikiwa juu kabisa, na ya F, cheche inapotoka bila resi. Ukitazama kutoka kushoto, kranki inazunguka kinyume cha saa, na F inafika kwenye kiashirio kabla ya T. Bana taa ya taimingi kwenye waya wa plagi, weka injini mizunguko 1,400 kwa dakika, na F isimame kwenye kiashirio. Ukipandisha resi, alama isogee kuelekea mistari miwili ya mwisho wa kutangulia, kisha ituame pale.

Ikiwa F haisimami mahali pake, usikimbilie kuchonga matundu ya pikapu. Vua magneti kwa pula, kamwe usiigonge kwa nyundo, na uitazame kii. Kii iliyokatwa nusu inaihamisha magneti digrii kadhaa huku kila kitu kikionekana kizima. Angalia pia nyaya: kama waya wa buluu wenye mstari wa njano na ule wa ardhini vimebadilishana kwenye pikapu ya nyaya mbili, CDI inasoma ukingo usio sahihi wa kile kibonye kirefu kilichoinuka kwenye magneti. Na kama mtu ameweka CDI "ya resi" (ya mashindano), rudisha ya kawaida.

Kama matundu yalishachongwa, legeza skrubu na usogeze pikapu kuelekea upande magneti inakozungukia, ili cheche ichelewe. Ukienda upande wa pili unaitanguliza na kuongeza kugonga. Hesabu ni rahisi: kipenyo cha magneti mara 3.14, gawa kwa 360. Kwa magneti ya mm 115, digrii moja ni milimita moja. Sogeza digrii moja tu, kaza, pima tena kwa taa. Usicheleweshe kupita kiasi: nguvu inapotea, ulaji wa mafuta unapanda, bomba la eksozi linawaka wekundu na valvu ya kutolea moshi inaungua.

Umesharudi kwenye F, mafuta safi, plagi sahihi, na bado inalia mlimani? Fungua hedi. Huenda masizi yamejaa juu ya pistoni, au hedi imechongwa na gasketi nyembamba ikawekwa. Yakwangue masizi kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu, na urudishe gasketi ya unene wa kawaida.