Damu inavuja, damu inaganda: dhana potofu kuhusu mgonjwa wa sepsisi aliyelazwa muda mrefu

"Anavuja damu, basi damu yake imekuwa nyepesi na haigandi."

Dhana hii huwachanganya ndugu wa mgonjwa kuliko zote, na si ajabu, maana macho yanaona damu ikichuruzika pale alipochomwa sindano. Yasiyoonekana ni mabonge madogo mno yaliyokwisha kuziba mishipa membamba ya figo, mapafu na ngozi. Sepsisi, yaani mwili kupambana na maambukizi kupita kiasi hadi ukajidhuru wenyewe, hujeruhi kuta za mishipa na kuamsha ugandaji mahali pasipo na kidonda chochote. Wakati huohuo protini C na antithrombini, ambazo kazi yake ni kuizuia damu isigande ovyo, hupungua, na uwezo wa mwili wa kuyeyusha mabonge nao hufifia. Chembe sahani, vile vijichembe vya damu vinavyoziba jeraha, pamoja na protini za kugandisha hutumika huko ndani hadi zikaadimika. Likija tundu la sindano, ghala limeshakuwa tupu. Kuvuja na kuganda hapa ni ndugu wa tumbo moja.

"Chembe sahani zimeshuka, aongezewe haraka."

Kiwango cha kawaida ni kama 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita moja, hivyo jibu la 40,000 linatisha. Lakini mgonjwa asiyevuja damu kwa kawaida haongezewi mpaka zishuke chini ya 10,000, au 20,000 kama hatari ya kuvuja ni kubwa. Anayevuja, au anayekwenda kupasuliwa, hulengwa 50,000 na zaidi. Plazma, yaani majimaji ya damu yenye protini za kugandisha, nayo haitolewi ili kurembesha karatasi ya maabara.

"Kumpa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mtu wa namna hii ni kumuua."

Mtu aliyelala wiki nzima bila kujigeuza, ana katheta (mrija mwembamba) kwenye mshipa mkubwa na mwili unawaka kwa uvimbe wa ndani, yumo hatarini kupata bonge mguuni au mapafuni, hata kama vipimo vyake vinaonyesha damu inachelewa kuganda. Ndiyo maana hupewa dozi ndogo ya kinga. Akiwa anavuja, au chembe sahani zimeshuka mno, dawa husimamishwa na miguu huvalishwa mifuko inayojaa hewa na kuminya kwa zamu.

"Wiki ya pili chembe zimeshuka tena, ni sepsisi ileile."

Hapa ndipo ningeomba watu watazame kalenda. Kwa wengi wanaopata nafuu, chembe sahani hushuka siku za mwanzo, kisha hupanda. Zikiporomoka upya, pana jambo jipya: maambukizi mengine, dawa fulani, au heparini yenyewe. Kwa watu wachache, kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu waanze heparini, kinga ya mwili huigeukia na chembe hupungua kwa zaidi ya nusu. Cha kushangaza, balaa lake kubwa ni mabonge, si kuvuja. Heparini yote husimamishwa, hata ile ndogo ya kusafishia katheta, na dawa nyingine ya kuzuia kuganda huchukua nafasi yake. Aliyewahi kutumia heparini miezi michache iliyopita anaweza kupata tatizo hili mapema zaidi, kwa hiyo ndugu mkiijua historia hiyo, isemeni.

"Damu inachelewa kuganda, kumbe ini limekufa."

Huenda ni upungufu wa vitamini K tu, ambayo ini huihitaji kutengeneza protini za kugandisha. Akiba yake ni ndogo, na mgonjwa asiyekula huku akipewa antibayotiki kwa wiki kadhaa huimaliza. Akipewa, kipimo mara nyingi huanza kurekebika ndani ya siku moja hivi.

"Ipo dawa maalumu ya kuondoa hali hii."

Iliwahi kutumainiwa. Protini C iliyoamilishwa iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, ikaondolewa sokoni 2011 baada ya kushindwa kupunguza vifo. Tiba kuu ni kukiua chanzo: antibayotiki sahihi, na usaha kutolewa.

"Akitoka chumba cha mahututi, yamekwisha."

Hatari ya mabonge hubaki kwa wiki kadhaa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, arudishwe hospitali siku hiyohiyo.